Ndiyo, La, Bado

Tulianza na kategoria thelathini na moja,
mimi na Hynek, chumba cha juu mtaa wa Kotlářská,
bomba la joto likikohoa usiku kucha
na dirisha lisilofungika tangu vuli.
Seti. Vikundi. Pete. Nyuga.
Kila moja na mstari wake, kila sifa na safu yake,
na kila kisanduku kimeruhusiwa maneno matatu tu:
ndiyo, la, bado.

Hiyo "bado" niliipigania mimi.
Hynek alitaka kisichojulikana kiachwe kitupu.
Nikamwambia, kitupu ni uvivu; bado ni deni.
Dawa ya deni kulipa, akasema.
Kwanza liandikwe, nikasema,
nikaandika.

Nyuga zilinihuzunisha kuliko nilivyotarajia.
Uga ambamo moja na moja ni sifuri
na uga ambamo moja mara tatu ni sifuri
hazipelekeani mshale,
hata mmoja, hata wa kupotea njia.
Zimekaa chini ya jina moja
kama wapangaji wa ngazi moja
wanaotambuana kwa vishindo vya viatu.
Kitu cha mwanzo: la. Cha mwisho: la. Zao la mbili: la.
Siku ile nilizima taa mapema.

Na kategoria tupu, je,
isiyo na kitu wala mshale?
Nani atakuja kuitafuta, Hynek alicheka.
Lakini tupu hutimiza kila ahadi inayoanza na "kila",
ikaanguka kwenye ya kwanza inayoanza na "kipo".
Imeshatuumbua mara nne.
Tukaipa mstari wa kwanza.

Mwezi wa tisa Hynek akahamia Tromsø.
Kazi, alisema. Kazi tu.
Tukaendelea: yeye akijaza mchana wake usio na jua,
mimi usiku, baada ya tramu ya mwisho,
na kati yetu mashine,
isiyo na upendeleo wala soni,
ikiunga ndiyo kwa ndiyo:
mwenye mazao yote na visawazishi
ana vikomo vyote, apende asipende.
Asubuhi nilikuta visanduku mia vimejaa
ambavyo hakuna kati yetu aliyevigusa.

Februari, mashine ikagoma.
Mgongano. Mstari wa arobaini na nane.
Nafasi zenye umbali; jumla ya nafasi mbili.
Ndiyo, aliandika yeye, na uthibitisho.
La, niliandika mimi, na uthibitisho.
Nikausoma wake nikitafuta ufa. Hauna.
Nikausoma wangu kwa hofu zaidi. Hauna.

Jumapili nilikuwa Židenice kwa mama.
Alinituma stoo nilete squash za mwaka juzi.
Mitungi miwili, mwandiko wake, mwaka uleule,
weusi uleule nyuma ya kioo.
Nikafungua mmoja: kiazi sukari chekundu, siki.
Umekosea kuandika, mama.
Sijakosea, alisema bila kugeuka,
yote ni ya mwaka huo.

Nilimpigia Hynek nikiwa bado na koti.
Kwako, umbali unaweza kukosa mwisho?
Kimya. Upepo, au simu yake mbovu.
Kwani kwako hauwezi?

Basi ndivyo ilivyokuwa.
Ukitaka kuweka nafasi mbili pamoja
bila kuibana hii wala kuisukuma ile,
kila nukta ya huku na kila nukta ya kule
sharti zitengwe na umbali usiopimika.
Kwake hilo linaruhusiwa.
Kwangu kila umbali una namba,
na kwa sababu una namba,
jumla haipatikani.

Tukaukata mstari mara mbili, majina mawili.
Mashine ikanyamaza, kijani kibichi.
Kutoka hapa hadi Tromsø, nilipima,
ni kilomita elfu mbili mia mbili na ushee.
Ina namba.

Mstari mpya umebaki na visanduku sita vya "bado".
Vitano nimeviandikia jina langu.
Cha sita nimeandika lake,
tarehe, na saa ya huku.